Barua ya Wazi kwa Washirika wa Maendeleo: Nani Atanunua Dizeli ya Mwaka wa Sita?

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa ofisi za Benki ya Dunia, Umoja wa Ulaya, Shirika la Japani la Ushirikiano wa Kimataifa (JICA) na balozi za nchi zinazofadhili miradi ya miji nchini Tanzania. Na kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na za Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Yah: Misaada ya kimataifa katika taka ngumu za Dar es Salaam

Waheshimiwa,

Baada ya kukiri kwamba barabara nyingi za mitaa na mitaro ya Dar es Salaam imejengwa kwa mikopo nafuu na ruzuku zilizopita katika ofisi zenu, barua hii inaleta lalamiko ambalo limenung'unikwa kwa muda mrefu pasipo kuandikwa. Kwa takriban miaka 40, misaada ya kimataifa katika sekta ya taka ngumu, yaani taka za majumbani, sokoni, madukani na barabarani ambazo si maji taka, imekuwa ikinunua vitu vinavyopendeza siku ya makabidhiano, na imekuwa ikikwepa kulipia kazi ya kila siku ambayo bila hiyo vitu hivyo havina maana. Lalamiko hili halijifanyi kusimama katikati. Linaegemea upande wa mkazi wa Tandale, Vingunguti na Pugu, ambaye hakualikwa kwenye hafla ya kutia saini lakini ndiye anayeishi na matokeo yake, na ndiye, kupitia kodi, atakayeurejesha mkopo.

Wakati wa kulisema ni huu, kwa sababu awamu ya pili ya Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, unaojulikana kwa kifupi cha DMDP, imeiweka taka ngumu miongoni mwa vipengele vyake, jambo ambalo awamu ya kwanza, iliyoidhinishwa mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 300, haikulipa uzito kama ule ilioipa lami na mitaro. Sensa ya mwaka 2022 ililihesabu jiji hili kuwa na watu 5,383,728, na hakuna dalili kwamba idadi hiyo itangoja.

1. Mwaka 1987 Serikali ya Japani ililipatia jiji malori ya kuzolea taka, lakini miaka mitano baadaye halmashauri ilikuwa ikizoa chini ya asilimia 5 ya taka zilizozalishwa, kwa kuwa magari yake mengi yalikuwa yameegeshwa yakisubiri vipuri. Mwaka 1992 ukaja mpango wa dharura wa kulisafisha jiji, uliogharimiwa pamoja na Japani, Kanada na Denmark. Mwaka 1994 uzoaji wa kata za katikati ukakabidhiwa kampuni binafsi. Na mwaka 1997 JICA ikakamilisha mpango mkuu wa taka ngumu wa jiji zima. Kila hatua ilikuwa na nia njema, na kila hatua ilikwama mahali pale pale, katika tofauti iliyopo kati ya gharama za mtaji, ambazo ni fedha za kununulia au kujengea kitu mara moja, na gharama za uendeshaji, ambazo ni mishahara, dizeli, tairi, betri na vipuri vinavyohitajika kila wiki ili kitu hicho kiendelee kufanya kazi. Mfadhili hulipia za kwanza; za pili huachiwa halmashauri, ambayo bajeti yake ya matengenezo ndiyo hukatwa mapema zaidi mapato yanapopungua.

Ubovu wa magari hayo hauelezwi na umaskini peke yake. Lori la kukandamiza taka, ambalo mafundi huliita kompakta, lilibuniwa kwa ajili ya miji ambayo taka zake ni makaratasi, makopo na vifungashio vikavu, vitu vyepesi vyenye hewa nyingi ndani yake, hivyo mtambo wake unapovibana lori hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa safari moja. Taka za Dar es Salaam si za namna hiyo. Kiroba kinachotolewa nje ya nyumba ya uswahilini kina maganda ya ndizi na mihogo, makumbi na vifuu, mabua ya mchicha, mabaki ya chakula, majivu ya mkaa na mchanga uliofagiwa uani. Ni mzigo uliokwisha kujibana wenyewe kwa unyevu na uzito, kwa hiyo mtambo haupati cha kubana ila hukamua maji machafu yanayochuruzika barabarani, huku mchanga ukizila raba zake mpaka mafuta yaanze kuvuja. Tipa la kawaida lenye turubai, ambalo fundi wa eneo la Gerezani anaweza kulifufua kwa kipuri cha dukani, lingeifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo, ingawa halivutii sana kwenye picha. Ombi la kwanza, basi, ni kwamba hakuna gari litakalonunuliwa kwa fedha za msaada kabla taka za kata husika hazijapimwa uzito na unyevu, hasa wakati wa masika, na kwamba madereva na mafundi wa karakana za halmashauri wawepo mezani sifa za gari zinapoandikwa, si siku ya kukabidhiwa funguo.

2. Dampo la wazi ni mahali ambapo taka humwagwa juu ya ardhi tupu, bila tandiko la kuzuia maji machafu yasizame, bila kufunikwa udongo na bila kushindiliwa kwa mpango. Dampo la namna hiyo limekuwa likihamahama ndani ya jiji hili kama mpangaji asiyelipa kodi. Wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji katika shauri la mwaka 1988 wakashinda, nayo halmashauri ikaendelea kuomba muda wa nyongeza. Ilipolazimika kuhama mwaka 1991 ilikwenda Kunduchi Mtongani, ambako wakazi nao walifungua shauri mwaka huohuo, na Mahakama Kuu ikakubali kwamba moshi na uvundo wa dampo unagusa haki ya kuishi inayolindwa na ibara ya 14 ya Katiba. Baadaye zikafuata Vingunguti, kisha Mtoni, na tangu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii Pugu Kinyamwezi. Inafaa kukumbukwa kwamba mageuzi makubwa ya kisheria katika sekta hii hayakuletwa na mshauri mwelekezi yeyote. Yaliletwa na watu wa kawaida wa mitaani waliochoka kuvuta moshi, miaka kadhaa kabla ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kuzibebesha serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu.

Jibu la wafadhili kwa dampo la wazi limekuwa dampo la kisasa, yaani shimo lililotandikwa udongo mfinyanzi na plastiki nene, lenye mabomba ya kukusanya maji machafu na ya kutolea gesi, ambalo taka zake hushindiliwa na kufunikwa udongo kila jioni. Jibu hilo ni sahihi kwa sharti moja, nalo ni kwamba udongo uendelee kupatikana, buldoza liendelee kunguruma na pampu ya maji machafu iendelee kuwa na umeme. Sharti hilo likikosekana, dampo la kisasa hurudi kuwa la wazi, tena la hatari zaidi kwa kuwa limekusanya mzigo mkubwa mahali pamoja. Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa fedha za Benki ya Dunia ikiwa dampo la kisasa. Mwezi wa Agosti 2024, ikiwa imekwisha kujaa na nyumba zimeifikia kandokando, lundo lake liliporomoka baada ya mvua na kuua watu zaidi ya 30. Addis Ababa ina mfano mchungu zaidi, kwa sababu huko mbadala ulikuwa umekwisha kujengwa. Dampo jipya la Sendafa, lililogharimiwa na shirika la maendeleo la Ufaransa, lilifunguliwa mapema mwaka 2016, lakini wakulima wa eneo hilo, ambao mradi ulipita juu ya vichwa vyao, walilikataa na likafungwa katika miezi michache, taka zikarudishwa Koshe, na mwezi wa Machi 2017 lundo la Koshe likaporomoka na kuua watu zaidi ya 110 waliokuwa wakiishi chini yake.

Hakuna anayedai hapa kwamba Pugu itaporomoka kesho. Kinachodaiwa ni kwamba mwinuko wa lundo, maji yaliyojaa ndani yake na nyumba zilizolizunguka vipimwe na wahandisi wasio na maslahi katika mkataba, na matokeo yabandikwe katika ofisi za serikali za mitaa ya jirani kwa Kiswahili kabla ya masika kuanza. Kinadaiwa vilevile kwamba kila mkopo wa kujenga dampo jipya uandamane na akaunti maalumu ya udongo wa kufunikia, dizeli ya buldoza na umeme wa pampu, akaunti ambayo halmashauri haiwezi kuihamishia matumizi mengine na mfadhili hawezi kuifunga siku mradi unapofikia ukomo.

3. Sehemu kubwa ya fedha za taka hailiwi damponi, huliwa barabarani. Lori linalotoka Kawe au Mbezi Beach kwenda Pugu hulikata jiji zima, hukaa foleni, na mvua ikinyesha hunasa kwenye tope la njia ya dampo pamoja na malori yaliyolitangulia, hivyo safari ambazo kwa hesabu za makaratasi zingekuwa tatu kwa siku huwa moja. Mkandarasi wa kata, ambaye kwa mikataba mingi halipwi na halmashauri bali hujilipa kutokana na ada anayoikusanya nyumba kwa nyumba, hufanya hesabu ambayo hata mtoto angeifanya: huanzia kwenye mitaa yenye lami na mageti, ambako ada ni kubwa na lori linafika mlangoni, na huiacha mpaka mwisho mitaa ambayo vichochoro vyake haviruhusu hata bajaji. Huko anabaki kijana mwenye guta au mkokoteni, anayelipwa sarafu kwa kiroba, na ambaye hakuna aliyemwonyesha pa kukipeleka zaidi ya ghuba, yaani mahali pa kukusanyia taka za mtaa, lililofurika tangu wiki iliyopita. Kiroba hicho huishia mtaroni. Mtaro huo, kama uko Tandale au Kigogo, humwaga katika Mto Msimbazi au vijito vyake, na Benki ya Dunia ileile, kwa mkopo mwingine ulioidhinishwa mwaka 2022, inagharimia ulinzi wa bonde la mto huo dhidi ya mafuriko. Kulipa mara mbili kwa ajili ya kiroba kimoja si mpango.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 katika jiji hili, na waathirika wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Dar es Salaam kabla ya kusambaa mikoani. Taka si sababu pekee ya misiba hiyo, lakini mtaro ulioziba na maji yaliyotuama yalikuwa na mkono ndani yake.

Ombi katika hoja hii ni la fedha ndogo na uvumilivu mkubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Shirika la Kazi Duniani lilisaidia vikundi vya wakazi, vingi vikiwa vya wanawake na vijana, kupewa kata za kuzoa taka na kufundishwa utunzaji wa hesabu, na jambo hilo lilifikisha huduma katika mitaa ambayo malori ya msaada hayakuwahi kuiona. Mpango wa aina hiyo urejeshwe ukiwa na nyongeza mbili. Ya kwanza ni vituo vya kuhamishia taka katika kila manispaa, mahali ambapo maguta na bajaji za mizigo hupakua na lori moja kubwa hupakia, ili lori kubwa lifanye safari ndefu na chombo kidogo kifanye ile fupi. Ya pili ni ruzuku inayolipwa kwa tani iliyopita kwenye mizani kutoka kata zenye vipato vya chini, ili mtaa wa vichochoro uwe na thamani machoni pa mkandarasi sawa na mtaa wa mageti. Wataalamu huuita utaratibu huu malipo kwa matokeo, na wafadhili wamekwisha kuutumia katika elimu na afya hapahapa Tanzania. Haijaelezwa kwa nini taka zisistahili.

4. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za Dar es Salaam ni mabaki ya vyakula na mimea, nayo yakifukiwa pasipo hewa huoza na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kiasi kilekile cha hewa ya ukaa. Umoja wa Ulaya na Marekani waliongoza nchi nyingi mwaka 2021 kuahidi kupunguza methani duniani kwa asilimia 30 ifikapo mwaka 2030, kwa hiyo kuyaondoa mabaki hayo damponi si hisani kwa Mtanzania. Ni ahadi yao wenyewe.

Njia mbili zimekwisha kujaribiwa jijini. Huko Mtoni, dampo lilipofungwa, kampuni ya kigeni iliweka mabomba ya kunasa gesi chini ya Mfumo wa Maendeleo Safi wa Itifaki ya Kyoto, ambao uliziruhusu nchi tajiri kununua vyeti vya gesi iliyopunguzwa katika nchi maskini. Wananchi waliahidiwa umeme, lakini gesi ikawa inachomwa tu, na ilipofika mwaka 2012 bei ya vyeti hivyo ikaporomoka hadi chini ya yuro moja, na hamu ya wawekezaji ikaondoka nayo. Njia ya pili ni kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano wa Manispaa ya Kinondoni na jiji la Hamburg, ambalo lina undugu na Dar es Salaam tangu mwaka 2010, kwa fedha za Serikali ya Ujerumani. Kiwanda hiki huchukua taka za masokoni na kuzigeuza mbolea. Barua hii inakihesabu kuwa msaada wenye akili kuliko mingi iliyotangulia, kwa sababu kilianzia kwenye taka zilizopo badala ya mtambo uliopo, na kwa sababu taka za sokoni hutoka mahali pamoja zikiwa karibu safi. Udhaifu wake uko nje ya uzio wake: mboji ikikosa mnunuzi, kiwanda hugeuka ghala. Wizara ya Kilimo ina mpango wa ruzuku ya mbolea za viwandani. Mboji iliyopimwa na kuthibitishwa ingepaswa kuwa na nafasi ndani yake, na hilo ni jambo ambalo wafadhili wa kilimo na wafadhili wa miji, ambao mara nyingi wako katika jengo moja, wanaweza kulizungumza bila kusafiri.

5. Urejelezaji, yaani kuirudisha taka kiwandani ili itengenezwe kitu kingine, tayari unafanyika Dar es Salaam, na haufanywi na mradi. Unafanywa na waokota chupa na makopo, wanaoamka kabla ya lori la taka na kuyapitia maghuba, wakatenga chupa za plastiki, vyuma chakavu, maboksi na alumini, wakaviuza kwa kilo kwa mnunuzi wa mtaani, naye akamuuzia mwenye mashine ya kusaga. Kila kilo wanayoitoa ni kilo ambayo halmashauri haikuilipia dizeli. Hawana bima, hawana glavu, hawana kitambulisho, na wanapotajwa katika taarifa za miradi huwekwa kwenye sura ya athari za kijamii, pamoja na watu watakaofidiwa, badala ya kuwekwa kwenye sura ya watoa huduma.

Kwa sababu hiyo, mapendekezo ya mitambo ya kuchoma taka ili kuzalisha umeme, ambayo hurudi kila baada ya miaka michache, yanastahili kutazamwa kwa jicho la shaka. Taka mbichi haziwaki vizuri; kinachowaka vizuri ni plastiki na maboksi, yaani riziki ya mwokotaji. Wafadhili wanaombwa kutogharimia mtambo wa aina hiyo Dar es Salaam mpaka mabaki ya vyakula yatakapokuwa yanatengwa kwenye chanzo, maana yake nyumbani na sokoni kabla hayajachanganywa na takataka nyingine. Badala yake, waisaidie Serikali kuandika kanuni za wajibu wa mzalishaji, ambazo humlazimu anayeingiza chupa na vifungashio sokoni achangie gharama ya kuvikusanya vikishatumika, kama Kenya ilivyofanya kupitia sheria yake ya taka ya mwaka 2022. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 imeonyesha kwamba Tanzania ikiamua huweza. Chupa za maji na soda zimebaki nje ya uamuzi huo, na wenye viwanda vyake hawalipi chochote kwa kijana anayewaokotea.

6. Hoja ya mwisho inahusu pande zote mbili za barua hii. Uchunguzi wa misaada ya mwaka 2003 hadi 2012 ulionyesha kwamba taka ngumu zilipata takriban asilimia 0.3 ya fedha zote za maendeleo ya kimataifa, na mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la USAID ilidhihirika kwamba hata kidogo hicho si cha kutegemewa. Halmashauri nazo zisijifiche nyuma ya ufinyu huo. Ada ya taka inayokusanywa mitaani haijulikani na mlipaji ilifika wapi. Halmashauri ya Jiji ya zamani ilipovunjwa mwezi wa Februari 2021 na Manispaa ya Ilala kupandishwa hadhi kuwa Jiji, mkazi wa kawaida hakuelezwa dampo la wote sasa linalipiwa na nani na kwa mgawanyo upi.

Kwa hiyo kabla ya mkataba wowote mpya wa taka ngumu kutiwa saini, wafadhili na halmashauri wanaombwa kuchapisha, kwa Kiswahili na katika mbao za matangazo za kila mtaa unaohusika, ukurasa mmoja wenye mambo manne: gharama ya uendeshaji ya kila mwaka kwa miaka kumi, chanzo cha kila shilingi ya gharama hiyo baada ya mfadhili kuondoka, kiasi cha ada kilichokusanywa na kila kata katika mwaka uliotangulia na kilivyotumika, na cheo cha ofisa atakayewajibika gari likiegeshwa zaidi ya mwezi mmoja kwa kukosa kipuri. Miradi mingi hudumu miaka mitano. Mahali ambapo ukurasa huo hautaweza kueleza nani atanunua dizeli ya mwaka wa sita, mkopo usisainiwe, na fedha hizo ziombewe kazi nyingine.

Majibu yanatarajiwa hadharani, kama ombi lilivyotolewa.

Wenu katika ujenzi wa jiji,

Kwa niaba ya wakazi wanaolipa ada ya taka.

Nakala: Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Wenyeviti wa Serikali za Mitaa, Kata ya Pugu.